Kiapo Changu cha Kamusi Pale Getini

Jamani, leo uso wangu nimeuacha kwa geti ya kiwanda. Atakayeuokota asiniletee. Ukae huko huko.

Nianzie jana jioni. Mutiso mnamjua, yule beshte yangu mwenye mikono ya buluu mpaka kwa viwiko. Miaka miwili anafanya kibarua kwa kiwanda ya blanketi, upande wa kutia rangi. Miaka miwili, na bado hajaandikwa. Sasa jana karani akawatangazia: wanaotaka kuandikwa kazi ya kudumu, vipande, yaani vitambulisho, viwe dirishani kesho saa mbili asubuhi. Dirisha likifungwa, ngoja mwaka ujao.

Shida ni hiyo rangi. Inaingia kila mahali. Kuna jamaa aliwahi kuingia kazini na kipande mfukoni, ikatoka imekunywa buluu yote, picha imezama. Karani akaiangalia, akamuuliza, "Huyu ni wewe ama ni ziwa?" Akamfukuza.

Kwa hivyo Mutiso, ambaye anaingia kazi saa kumi na mbili, akaniletea kipande yake nyumbani kwangu, mtaa wa Jericho.

"Ndugu yangu, wewe huna shifti. Niwekee, kesho uniletee. Wengine siwaamini."

Nikamwambia, "Mutiso, hii kipande ikipotea, jua mimi pia nimepotea."

(Hayo maneno yamenitafuna siku nzima.)

Asubuhi nikatoka. Kipande mfuko wa shati, kamusi kwapani. Mnaijua kamusi yangu ya Kizungu, ile haina jalada, inaanzia katikati ya herufi B. Mimi shule iliniacha darasa la saba, hiyo kamusi ndiyo mwalimu, na uzuri wake haina kiboko. Sasa wiki nzima nilikuwa nimekwama kwa neno moja: run. Nilifikiri ni kukimbia tu, nigeuze ukurasa niendelee. Wapi! Run imejaza kurasa mbili, maandishi madogo kama sisimizi wanahama nyumba.

Kulikuwa na ukungu, ule wa Julai, nyumba za mtaa zimesimama ndani yake kama zinalala. Nikatembea nikisoma. Na kila kitu nikiangalia, neno liko hapo. Kwa bomba ya mtaa maji yanatiririka kwa ndoo ya mama mmoja: run. Mtoto wa huyo mama, kamasi inashuka polepole, haina haraka, inajua inapoenda: run. Leso ndani ya beseni inatoa rangi: run. Lori linasukumwa, injini ikakohoa, ikashika: run. Mwenye kioski anaendesha biashara yake kichwa kikiwa nje ya dirisha: run. Yule jamaa anayewania udiwani, picha yake kwa ukuta imebanduka nusu, bado anacheka: run. Hata barabara! Barabara, ambayo tangu nizaliwe haijawahi kuondoka hapo, Mzungu anasema ina-run mpaka Donholm!

Nikasimama katikati ya njia. (Mkokoteni ulinipigia kelele. Sikusikia.)

Sisi, wasee, kila kazi tumeipatia neno lake. Maji yatiririke, rangi ichuje, injini ingurume. Wao wameshika neno moja masikini, wakaliajiri kibarua. Asubuhi lichote maji, mchana lifungue duka, jioni liwanie kiti. Overtime hakuna. Nikalionea huruma kabisa. Nikasema, hii neno ni Mutiso wa Kizungu.

Hapo kwa reli upepo ukaanza kunigeuzia kurasa. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kitu, nikaweka alama, nikafunga. Nikaendelea kuelea.

Saa mbili kasoro nikafika. Getini kuna askari, Mzee Wafula, kofia kubwa, mguu mmoja anauburuta. "Mgeni anaacha kipande hapa, kijana." Nikampa yangu, ile ya mfuko wa nyuma. Nikaenda kwa dirisha.

"Jina?" karani akauliza.

"Ni ya Mutiso, wa rangi."

"Lete kipande."

Nikashika mfuko wa shati. Nikashika tena. Mfuko ulikuwa mtupu kama kanisa Jumatatu.

"Nafunga saa hii," karani akasema, anaangalia saa yake.

Ndoto yote ikamwagika. Na hasira yangu mnaijua, haibishi hodi. Akili ilikuwa bado inavaa viatu, hasira imeshafika getini.

"Mzee! Toa kipande ya Mutiso!"

"Umenipa moja, kijana. Hii hapa. Sura ni yako, ingawa hapa ulikuwa umenyoa."

"Nilikuja na mbili! Umeficha moja!"

"Mimi si Mkamba, nifiche kipande ya Mkamba nipeleke wapi?"

Watu wakaanza kucheka. Hapo ndipo niliungua. Wamama wa kushona wakatoka, wa magunia wakatoka, nyapara mwenyewe akatoka na kikombe cha chai. Na mimi nikiona watu, mdomo hupata mabawa. Nikapanda kwa jiwe.

"Mutiso ametia rangi blanketi zenu miaka miwili! Mnalala na joto, yeye analala na mikono ya buluu! Leo ni siku yake, na huyu mzee anaiba siku ya mtu!" Halafu nikaongeza ya Kizungu, ya kumaliza: "You run this gate like a thief!" (Yaani, unaendesha hii geti kama mwizi. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njiani, bila kujua nitamtumia nani.)

Wakapiga makofi! Hata mwenye chai alipiga, na kikombe mkononi. Na ndani ya makofi nikamwona Mutiso anakuja mbio kutoka upande wa rangi, mikono inachuruzika.

"Iko wapi?" Hiyo tu. Macho yake yalikuwa makubwa.

"Ndugu yangu, usiogope. Leo nitakufa hapa na huyu mzee."

Mzee Wafula akauliza polepole, "Kijana, unaweza kuapa?"

"Naweza! Lete Biblia!"

Biblia hakuna. Basi mimi, mtoto wa watu, nikainua kamusi yangu juu kwa mkono wa kulia. "Naapa mbele ya hawa wote, kipande ya Mutiso iko kwa..."

Ikatoka.

Wasee, haikuanguka haraka. Ilishuka kama unyoya, ikapinduka mara mbili kwa ule ukungu, ikatua karibu na kiatu cha mzee. Picha juu. Mutiso ananiangalia kutoka chini, Mutiso ananiangalia kutoka mbele. Nami, badala ya kunyamaza, nikasema, "Aah. Kumbe ndiyo alama."

Kicheko kilichotoka hapo, nadhani Mathare walisikia.

Na huko nyuma, kraak, karani anavuta dirisha.

Mutiso hangeweza kushika kipande na ile mikono. Mimi bado niko juu ya jiwe, kamusi hewani. Aliyeinama ni Mzee Wafula. Akaokota na vidole viwili, akashikilia kofia yake, na mzee yule wa mguu mmoja mbovu, ambaye nimemwita mwizi kwa lugha mbili, akakimbia. Akakimbia kweli! Anachechemea, anapiga kelele, "Karani! Karani, bado mmoja!" Akaingiza mkono wake dirishani, likambana kwa kiwiko.

Ile ndiyo maana ya kwanza ya run kwenye kamusi. Niliiruka kwa sababu nilidhani naijua.

Mutiso ameandikwa. Jioni amenipitia hapa, amenishika tu bega na kuniachia vidole vitano vya buluu kwa shati. Siifui.

Mzee Wafula alinirudishia kipande yangu, lakini kamusi amenipokonya, amekataa nayo. Anasema nitaipata siku nitakayojua kuomba msamaha kwa Kiswahili. Kwa hivyo anayenicheka acheke leo amalize, kwa sababu kesho saa kumi na mbili niko pale getini, na sina hata ukurasa mmoja wa kunisaidia.