Wagombea, Wachangishaji na Simu ya Jikoni Kwangu

Sanduku la Barua 41,
Alder Falls, Wisconsin.
Oktoba 21

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Orodha ya Wasiotaka Kupigiwa Simu,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama sijakosea na wewe ni kijana, marahaba. Mimi ni Ardis Haugstad, mjane wa miaka sabini na mmoja, mpishi mstaafu wa shule ya msingi. Serikalini nimelalamika mara mbili tu maishani, na zote mbili haki ilikuwa yangu.

Kwanza ujue kwa nini siwezi kuiacha simu ilie. Binti yangu Signe hajanipigia miaka miwili sasa. Uchaguzi uliopita niliweka kibao cha mgombea wangu mbele ya nyumba. Signe akaja akachomeka cha mgombea wake ubavuni mwake, nami nikaking'oa akiniangalia, nikakitupa kwenye pipa la taka. Akasema, "Nitakupigia nikipoa, Mama," akawasha gari. Baadaye nikasikia amehamia Milwaukee na amebadilisha namba. Basi kila simu ikilia nakimbia na goti langu hili bovu, nikijua ni yeye. Siye. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wagombea. Jina langu limo kwenye orodha yako tangu marehemu mume wangu yu hai, na wauza madirisha walikoma kabisa, nashukuru. Lakini binti wa mapokezi wa ofisi yako aliniambia, "Bibi, wanasiasa sheria haiwagusi." Nikamuuliza sheria ilitungwa na nani. Akasema, "Na wanasiasa." Jamani! Hata watoto wa darasa la kwanza nilikuwa siwaruhusu wajipakulie wenyewe. Jumatatu walinipigia kumi na mmoja, wanne wakiwa mashine. Mashine moja iliniita "rafiki yangu Ardith." Rafiki gani asiyejua jina langu?

2. Mashirika ya misaada. Hawa nao orodha yako haiwahusu, ila wakikodi kampuni iwapigie, ninayo haki ya kumwambia mpigaji asirudie, naye lazima atii. Vizuri. Lakini lazima nimwambie kila mmoja peke yake! Nimewaambia watu wa mbwa wa kuongoza vipofu, wa ziwa, wa wajane wa zimamoto, na bwana mmoja aliyekuwa akiwachangishia bundi. Binti wa mapokezi alinifundisha sentensi inayotakiwa, nikaiandika na kuibandika ukutani juu ya simu: "Naomba uniweke kwenye orodha yenu ya wasiopigiwa, na usinipigie tena." Siku hizi naisoma kabla mtu hajamaliza kusema habari za jioni. Inafanya kazi, nakiri. Nimeshawanyamazisha thelathini na sita.

3. Kupiga kura mapema. Mpigaji mmoja mwenye huruma alininong'oneza kwamba karani akishaandika kuwa nimepiga kura, vyama vinaliona jina langu na kuacha kunisumbua. Nikaenda siku ya kwanza kabisa, mvua inanyesha. Kweli wakaacha. Siku ya pili wakaanza wengine, wanauliza kama nimeridhika na huduma ya kupiga kura mapema. Loh! Hawa watu hawana haya.

4. Mimi mwenyewe. Kwa kuwa mgombea anaruhusiwa kumpigia yeyote, nimechukua fomu ya kugombea kiti cha baraza la mji wetu, uchaguzi wa Aprili. Kazi yake ni kuondoa theluji barabarani na kuzibua makalavati. Sina haja nacho. Nilitaka tu ruhusa ya kumpigia mbunge wetu wa jimbo nyumbani kwake saa kumi na moja na nusu jioni. Mkewe akapokea, akasema, "Mama, tunakula!" Nikamjibu, "Najua." Nimempigia mara tisa. Sheria haijavunjwa hata moja.

Hayo ndiyo yamenifikisha kwenye ombi. Kuwaambia mmoja mmoja kumenichosha. Naomba ofisi yako ipige marufuku simu zote kuingia kwangu, za wagombea, za bundi, za kanisa, hata za daktari wa goti, isipokuwa za mtu mmoja anayeitwa Signe Haugstad. Namba yake siijui, lakini ninyi ni serikali, mtaipata. Ikishindikana, kila mpigaji aulizwe kwanza kama yeye ni Signe. Simu ni moja, laini ni moja. Siku atakayopoa, nisije nikawa nimeshikwa na mtu wa bundi.

Nangoja jibu lako kwa barua, tafadhali, si kwa simu. Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule binti wa mapokezi, mwambie anywe supu ya kuku kwa yale mafua niliyoyasikia sautini mwake.

Mimi mwananchi wako niliyechoka,
Ardis Haugstad (Bi.)

N.B. Bahasha nilikuwa bado sijaifunga. Leo nikiwa natoa viazi kwenye oveni simu ililia, sauti ya mwanamke ikasema habari za jioni, anapiga kwa niaba ya… nami nikamsomea sentensi yangu yote mfululizo. Kisha akasema, "Sawa, Mama. Ni Signe. Nimekuandika," akakata. Nimejaribu kurudisha simu, naambiwa laini hiyo haipokei. Kumbe kupigia watu simu ndiyo kazi aliyoipata huko Milwaukee, na jina langu limemwangukia kwenye karatasi yake, naye akapiga. Mkurugenzi, namjua mwanangu. Akishaandika kitu, ameandika. Na sheria inamkataza kurudia. Shirika lenyewe silijui, kwa sababu sikumwacha alitaje. Kwa hiyo naomba unifute kwenye orodha zote, yako na zao, wale thelathini na saba wote. Wanipigie wote, mbwa, ziwa, bundi, wagombea, na mashine zao. Nitamsikiliza kila mmoja mpaka mwisho. Saa ya chakula ndiyo nzuri zaidi, huwa nipo.