Bawa la Kusini

Jumatatu, 9 Machi
Mkataba wangu unaisha Ijumaa. Ajira ya kudumu idarani ni moja, waombaji wawili: mimi na Bwana Rula, mwenzangu wa chumba cha picha, mtu wa kupima kila kitu. Mama mkwe ameshaambiwa nimeipata. Nani kamwambia? Mimi.

Leo bahati! Kwenye picha za darubini nimeona nyota inayokufa ikitema gesi. Mkanda wa vumbi umeikaba kiunoni, kwa hiyo gesi inatokea juu na chini, mabawa mawili. Lakini naona moja tu, la kaskazini. Mkuu wa idara anataka kuyaona yote keshokutwa.

Jumanne, 10 Machi
Nimelitafuta la kusini mpaka macho yamevimba. Hola! Bwana Rula kashauri tutumie darubini ya mionzi ya joto, ile inayopenya vumbi. Picha Alhamisi. Anataka kunichelewesha huyu, namjua.

Nimenakili bawa la kaskazini, nikaligeuza, nikalibandika kusini. Dakika kumi tu. Limekaa vizuri hadi mimi mwenyewe nimeliamini.

Jumatano, 11 Machi
Mkuu kafurahi, kanishika bega! Kisha Bwana Rula kaomba kuitazama picha. Kaweka rula kwenye kioo cha kompyuta. Akasema polepole, "Mkuu, hata nyota za nyuma zimegeuzwa. Hizi saba ni zilezile saba."

Nikajitetea kwamba ulimwengu una maajabu. Hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 12 Machi
Picha ya mionzi ya joto imefika. Bawa la pili lipo! Lilijificha nyuma ya vumbi, kubwa kuliko la kwanza, tena limepinda. Mkuu anadhani kuna nyota mwenza inayolivuruga. Ugunduzi mkubwa, na jina lililo juu yake ni la Bwana Rula. Ningesubiri siku moja! Nimeumia, sikatai.

Ijumaa, 13 Machi
Ajira kapewa Bwana Rula, pamoja na barua ya sifa kutoka kwa Mkuu. Mimi nimeambiwa nikabidhi funguo. Mke wangu hasemi nami.

Nimejichunguza kwa moyo mweupe. Kosa langu ni nyota za nyuma, basi.

Chuo kingine kinaajiri, kinataka barua ya mkuu wa zamani. Ile ya Bwana Rula ilisahaulika kwenye mashine ya kunakili. Nimebandika jina langu juu ya lake, safi kabisa! Kuna aya inayosema nilimfichua mwenzangu aliyeghushi picha. Nimeiacha, inanipendezesha.