Siku Fundi Makochi Alipoinuka Kochini

Sogeeni, enyi wenye masikio, na wenye usingizi waamshwe. Nawe ulimi wangu usiteleze, maana nasimulia habari za Fundi Makochi, Simba wa Sponji, Mtwanga Misumari, aliyewakalisha matajiri na maskini, na jinsi alivyoinuka kwenye kochi lake mwenyewe siku ya mapumziko.

Vita vilizuka kwa neno moja. Mkewe, Fundi Cherehani, aliyevaa gauni jipya tangu asubuhi, alimkumbusha ahadi ya kumpeleka kwenye tamasha. Shujaa akaielekeza rimoti kwenye runinga, akanena bila kuinua kichwa:

"Mke wangu, tamasha ndilo hili, limekuja lenyewe hadi miguuni petu. Ya nini kulifuata?"

"Twende kwa baba tukaulize kamusi," akajibu mkewe. "Ikisema tamasha ni kulala kochini, sitakusumbua tena maisha yangu yote. Ikisema vingine, kila wiki unanitoa."

Kamusi ya baba mkwe haikuwa na ruhusa ya kutoka nyumbani, sawa na bintiye enzi za uchumba. Basi shujaa akatuma mguu wa kushoto, ukarudi. Akatuma wa kulia, ukaganda. Goti likalia kama bawaba kuukuu. Lakini akaiwazia amani ya maisha yote, akajirusha mbele kwa kishindo, akasimama.

Mtaa wa kwanza alihema na kununa. Wa pili walisimama kutazama watu wakipandisha kabati ghorofani kwa kamba, kila mmoja akiamrisha na hakuna anayevuta. Wa tatu walikuwa bado wanalicheka kabati lile, mkewe akamshika mkono, na mkono ukasahaulika mkononi mwake.

Walipofika, baba mkwe akavaa miwani, akafungua kamusi, akasoma kwa sauti ya hakimu: neno hili asili yake ni kwa Waarabu, likapita kwa Waajemi, mwanzo lilihusu kutembea pamoja, baadaye ndipo likawa la kutazama mambo.

Shujaa akavitazama viatu vyake vyenye vumbi.

"Baba," akanena, "kumbe tamasha nimeshampeleka. La wiki hii limekwisha."

Mkewe akatafakari. "Sawa. Hilo lilikuwa la kuja. La kurudi je?"

Wakarudi kwa njia ndefu, na ni yeye shujaa aliyeichagua. Na ikumbukwe vizazi hata vizazi kwamba mpaka giza linaingia, kochi lile lilikuwa tupu, na runinga ilijitazama yenyewe.