Ile "More" Iliyotaka Kunivunjia Nyumba

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu kaanza kusoma Kiingereza! Darasa la jioni, ghorofani, juu ya duka la mikate. Anataka chumba chetu cha mbele kiwe duka la ushonaji, na wateja anaowawinda ni wageni wa hoteli iliyo ng'ambo ya barabara. Vifungo vyao vinakatika, zipu zao zinakwama, na hakuna wa kuwasemesha. Wazo zuri. Ni langu.

Nilimwambia anaweza kusoma kwangu bure. Mimi ni fundi mabango. PUSH, PULL, NO PARKING, WET PAINT, zote nimeziandika kwa mkono huu. Akasema asante, ila atajaribu kwanza kwa mwalimu. Mwalimu mwenyewe hatoki bila tai, hata jua liwake namna gani. Namwita Tai. Jina linamfaa, maana tai naye huzunguka juu akitafuta cha kudokoa.

Wakati wa kula, nikiwa nawaza bango la mwenye bucha, mke wangu akanitazama, akasema kwa Kiingereza: "You hardly listen to me." Kidogo nipaliwe! Hard ni bidii. Work hard, fanya kazi kwa bidii. Kumbe mimi ni mume anayesikiliza kwa bidii! Nikamshukuru. Akanikodolea macho, akauliza basi alikuwa anasema nini kuhusu bomba la jikoni. Bomba gani?

Jumanne, 4 Juni

Nimemsimulia kinyozi sifa niliyopewa. Kinyozi ni rafiki yangu na mshauri wangu wa lugha, kwa kuwa televisheni ya kibandani kwake haizimwi. Akathibitisha: hard ni bidii, hardly ni bidii iliyokolea. Wateja wawili wakanipa mkono.

Jikoni kumejaa maji. Sijui yametoka wapi.

Mke wangu alinifokea huku anadeki, halafu nadhani akajuta. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa: "Aren't you angry with me?" Nikajibu upesi, "Yes!" Yaani ndiyo, sina hasira. Mtu akikuuliza huna hasira, na kweli huna, utamjibu nini kingine? Akainamisha kichwa, akaendelea kukamua dekio. Chai ya jioni sikuletewa. Kiingereza kimeanza kumbadilisha.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwisha! Jumamosi kila mwanafunzi atatoa hotuba fupi mbele ya darasa. Mke wangu anafanya mazoezi akiwa kwenye cherehani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikisafisha brashi zangu, si kwamba nachungulia. Nikamsikia: "My husband." Moyo ukafurahi. Halafu: "I couldn't agree with him more." Akairudia na kuirudia. Anatabasamu!

Nikaenda mbio kwa kinyozi. Akamwacha mteja na nusu ya ndevu, tukalichambua jambo kipande kwa kipande. Agree with ni kukubaliana, kuelewana. Kinyozi akaeleza kuwa kwetu kitenzi humeza mzigo wake: lia, lilia, soma, somea, kila kitu tumboni. Kwao kihusishi kinaburutwa nyuma kama mkia, ndiyo maana mambo yao hayafichiki. Couldn't ni kushindwa. Na more? Nikamkumbusha NO MORE TICKETS niliyoiandikia ukumbi wa sinema. Hakuna tiketi tena. Tukatazamana.

Ameshindwa kuelewana nami tena.

Kinyozi akasema hiyo ndiyo lugha ya watu wakishafika mahakamani. Akaninyoa bure kwa huruma.

Nampenda yule mwanamke. Naandika hapa kwa sababu ana kwa ana ulimi wangu huwa mzito. Nampenda anavyobana pini kwa meno na bado anaongea. Nampenda hata anavyozima redio yangu bila kuniuliza. Siwezi kumwachia Tai.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango! Hotuba isiposomwa, ndoa haivunjiki. Nimeandika kibao cha kutangaza kuwa kesho hakuna darasa, nikakitundika penye ngazi, pembeni ya duka la mikate. Nilitaka kikatae kwa nguvu, asiwepo wa kubisha. Kukana mara moja kunaweza kulegea. Kukana mara mbili kunabana. THERE ISN'T NO CLASS TOMORROW. Herufi nyekundu, kivuli cheusi. Kazi safi!

Mke wangu karudi akicheka peke yake. Tai amekiona kibao, amekisifu. Kawaeleza kuwa kwa Kiingereza cha darasani "hakuna" mbili hufutana, kwa hiyo kibao kinasema darasa lipo. Kakihamishia ndani kiwe mfano. Tena anasema mwandiko ni mzuri ajabu, angependa kumjua fundi. Nimebaki sijui nikasirike au nimpelekee bei zangu.

Jumamosi, 8 Juni

Nilikwenda. Kinyozi kanisindikiza kama wakili, mkasi bado uko mfukoni. Tukakaa nyuma kabisa.

Mke wangu akasimama na gauni la buluu alilojishonea. Akasema mumewe anasema chumba cha mbele kinafaa kuwa duka, na kwamba kushona kwako mwenyewe ni bora kuliko kushona kwa mtu. Hayo niliyaelewa yote! Kisha akavuta pumzi. "I couldn't agree with him..."

Nikasimama. Nikapaza sauti asimalize. Nikasema bomba nimelifunga kamba, hasira sina, na kama tatizo ni redio basi aichukue. Nikasema tunaelewana, na tutaelewana tena, aifute tu hiyo more. Machozi yakanitoka mbele ya watu wazima wenye madaftari. Kinyozi naye akaanza kulia, na yeye hata si ndoa yake.

Darasa zima likageuka. Mke wangu kashika mdomo. Tai akaja polepole, akalegeza tai yake, akaniita kaka. Akachukua ndoo ya kufutia ubao, akaijaza maji hadi pomoni. Akasema: shemeji amekubaliana na wewe mpaka hapa. Hawezi kukubaliana zaidi kwa sababu hakuna pa kuongeza hata tone. Ile n't ndiyo iliyoijaza ndoo. Ukiiondoa, na hapo akamwaga nusu dirishani, sentensi inageuka lawama: angeweza kukubaliana na wewe zaidi, yaani bado pana upungufu. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema kabisa. Kinyozi akafuta macho, akasema yeye alijua tangu mwanzo.

Tulirudi kwa miguu. Mke wangu alicheka mpaka kona ya bucha, kisha akanishika mkono, huu huu wenye rangi, wala asijali gauni lake. Akasema, kwa lugha yetu, kwamba mimi ni mjinga wake na hanibadilishi kwa mtu. Nilitaka kusema kitu. Ulimi ukawa mzito. Nikamminya vidole, naye akaniminya.

Tai si mtu mbaya. Tai yenyewe tu ndiyo mbaya.

Jumatatu, 10 Juni

Duka linafunguliwa leo! Mke wangu katoka asubuhi kwenda kununua nyuzi, kaniachia kazi ya kuandika juu ya mlango. Maneno kayatunga mwenyewe, ya kuwaambia wateja kuwa nguo zao hazitapata matunzo bora kuliko hapa: WE COULDN'T CARE FOR YOUR CLOTHES MORE. Kanisihi niandike vilevile, herufi kwa herufi. Kanishika na mashavu.

Lakini fundi hapa ni nani? Couldn't mlangoni mwa biashara! Mteja anafika na suruali yake, jambo la kwanza anakaribishwa na kushindwa. Tena n't ni hiyohiyo iliyoniliza mbele ya watu. Haitakaa juu ya mlango wa mke wangu nikiwa hai. Nikaitoa. Sentensi ikapumua, ikawa na uchangamfu, na mimi nikapata nafasi ya kuchora mkasi pembeni. WE COULD CARE FOR YOUR CLOTHES MORE. Tunaweza! Zaidi!

Wageni wa kwanza kutoka hotelini wameshafika. Mmoja kasoma, kawaita wenzake, sasa wanapiga picha na kuegemeana kwa kicheko. Furaha tupu, na duka bado halijafunguliwa! Namwona mke wangu kule mwisho wa mtaa, anakuja na mfuko wa nyuzi, anaharakisha akidhani ni foleni ya wateja. Hajui zawadi niliyomwandalia. Nimetumia rangi ya mafuta, tabaka tatu, haitoki hata kwa msasa.