Disketi Yenye Alama Yetu

Jumatatu, 26 Juni 1995

Guled ameweka kibao. Kikubwa! Cha kijani, mkabala kabisa na mlango wa duka langu la kuchapa. Kinasema ofisi yake ina programu ya kuua virusi vya kompyuta, imenunuliwa Nairobi. Yaani wateja wangu wakikaa kwangu kusubiri barua zao, wanasoma sifa za Guled. Na huyu ni mtoto wa mjomba wangu. Angeweza kukielekeza upande wa msikiti. Hakutaka.

Mimi programu ninayo, tena ya bure. Ilikuja pamoja na mfumo wenyewe wa kompyuta, kwenye disketi zilezile, kutoka kwa walewale walioutengeneza. Nilivuka barabara nikamweleza Guled kwamba fundi aliyejenga nyumba ndiye anayejua nyufa zake. Akacheka mbele ya watu. Akaniuliza kama sokoni Garissa nimewahi kuona mtu akiuza ngamia na kujidhamini mwenyewe. Si lazima awepo dalali asimame katikati? Watu wakatikisa vichwa, kweli, kweli. Nikarudi kwangu. Nilitafuta jibu mpaka alasiri, sikupata.

Dada Idman ametuma salamu kutoka Hulugho, anakofundisha. Atafika wiki ijayo. Ijumaa hiyo tutamsomea mama dua, mwaka umetimia tangu afariki. Anataka beti za mama zichapwe kwenye karatasi, azisome mbele ya wanawake. Nimejibu hakuna shida. Beti zimo salama ndani ya kompyuta.

Shajara hii naiandika kwa Kiswahili. Adeer Dubow, ndugu wa marehemu baba, ninayekaa kwake, hupekua kila kitu, lakini Kiswahili cha kusoma kinamshinda.

Jumanne, 27 Juni

Nimepata jibu la Guled! Limetoka kinywani mwa Adeer Dubow mwenyewe, wakati wa chai. Adeer ni dalali wa mifugo na hadithi zake ni zilezile. Leo ilikuwa ile ya ngamia jike wetu aliyepotea ukame ulipoanza, akaonekana tena baada ya miaka mingi katikati ya kundi la watu wengine. Hakuna aliyebishana. Alama yetu ilikuwa shavuni, imechomwa kwa chuma. Watu wetu walimfungua wakampeleka zizini, basi.

Alama! Nilimwaga chai. Nitatoa chanjo ya bure kwa disketi za mji mzima. Naiingiza disketi, programu inaikagua, ikiwa safi naichoma alama ya ukoo wetu, duara na mistari miwili. Ikirudi kwangu haina haja ya kukaguliwa tena. Foleni itakwenda haraka, na Guled atakagua hadi azeeke.

Nimefanya majaribio kwa spoku ya baiskeli iliyotiwa motoni. Disketi ya kwanza iliyeyuka. Ya pili ilitoboka. Ya tatu imetoka vizuri sana.

Jumatano, 28 Juni

Siku ya soko. Watu walifika! Mzee mmoja aliposikia neno chanjo alileta mbuzi wawili. Nilimweleza. Alikasirika, akasema serikali ni ileile.

Mchana aliingia Saynab. Anafanya kazi katika ofisi ya misaada kule kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, na hutuletea ripoti za kuchapa. Ana sauti ya chini, unalazimika kusogea umsikie. Nimesogea. Nilizikagua disketi zake zote, zote safi, nikazichoma alama moja moja kwa utulivu mkubwa. Aliuliza kama programu ya bure inaweza kuaminiwa. Nikamwambia ni ya wenye mfumo wenyewe, watadanganya ili iweje? Akatabasamu. Guled alikuwa amesimama mlangoni kwake akitazama. Siku nzuri.

Jumatatu, 3 Julai

Idman amefika na lori la mifugo. Amekonda. Hakunywa hata maji, alitaka nimwashie kompyuta.

Nikaziita beti za mama kwenye kioo. Alizisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza. Nikamwona mama pale, wallahi, jinsi alivyokuwa akisimama.

Hii ni buraanbur ya mama, utungo wa wanawake wetu, kuhusu ule ukame, walipohama kutoka upande wa Banissa kuja huku. Mimi sikuwa nimezaliwa. Idman alikuwa mdogo, amefungwa juu ya ngamia pamoja na mikeka. Kila kituo walicholala mama alikipa ubeti wake: jina la mahali, maji yalivyokuwa, mnyama aliyekufa hapo. Na kuna ubeti wa mahali walipomzika kaka yetu Hamze, aliyekuwa bado ananyonya. Baba hakuwahi kupataja. Adeer hakuwa nao safarini. Ni mama peke yake aliyepataja, tena kwa beti tu. Ukimuuliza kwa maneno ya kawaida alinyamaza.

Kaseti aliikataa. Alisema sauti yake ya kilio itaishia kwenye vibanda vya miraa, wanaume wakiisikiliza huku wanatafuna. Kwa hiyo alikaa kando yangu akasema, nami nikapiga chapa, polepole, siku nyingi, wakati tayari kifua kinamsumbua. Nikikosea alijua, ingawa hakujua kusoma. Alisikia vidole vyangu vimenyamaza vibaya.

Idman alipofika kwa Hamze alikaa chini. Amesema baada ya dua atatafuta gari la kwenda huko. Anataka kusoma Yasin pale, kaka yetu ajue kwamba ana ndugu. Akaniomba nichape sasa hivi.

Nikamwambia Alhamisi. Utepe wa printa umefifia na nimeutunza kwa ripoti za Saynab. Akaniangalia. Akasema basi ataandika kwa mkono. Nikacheka. Kwa mkono! Mtu ana kompyuta! Nikaizima, tukaenda kula.

Jumanne, 4 Julai

Saynab amerudi na ripoti. Disketi moja ilikuwa na vumbi la Dagahaley hadi ndani ya kibati chake. Imezunguka, alisema, kila ofisi iliiazima. Aliuliza kama tuikague. Nikamwonyesha alama. Duara na mistari miwili! Hii ni yetu, nikasema, imerudi nyumbani.

Nikaiingiza moja kwa moja. Guled alikuwa na foleni ndefu, anakagua, anakagua. Nilimpungia mkono.

Jumatano, 5 Julai

Kompyuta haiwaki.

Yaani inawaka, lakini inatoa mstari mmoja wa maneno na kusimama. Nimeizima na kuiwasha. Nimepuliza vumbi. Nimesoma Ayatul Kursi. Nikachukua disketi za mfumo nikaiwasha kwa hizo, nikaiendesha programu ya bure ikague kila kitu. Ilikagua upesi kuliko siku zote. Ikaandika kwa furaha kwamba hakuna virusi.

Kweli havipo. Hakuna kitu chochote. Barua hazipo, ripoti hazipo. Nimetafuta jina la mama kila pembe. Mama hayupo.

Nimefunga duka. Nimemwambia Idman umeme umekatika. Akanyoosha kidole kwenye taa ya Guled. Nikasema ni upande wangu tu.

Alhamisi, 6 Julai

Nilivuka barabara kwa Guled. Haikuwa rahisi. Nilitarajia acheke, nilikuwa hata na matusi tayari. Hakucheka. Aliichukua ile disketi ya Dagahaley akaitia kwenye mashine yake. Mashine ikalia. Virusi, akasema, tena vya kufuta diski nzima. Akaeleza kwamba hata kama ningeikagua, programu yangu isingevitambua. Ni ya zamani, na hivi vimezaliwa baadaye. Ya kwake hutumiwa orodha mpya kwa posta. Nikamuuliza kama kuna namna ya kurudisha. Amejaribu mpaka adhuhuri, hakugusa kazi ya mteja mwingine. Hakuna.

Kisha akauliza kama beti za shangazi zilikuwa humo. Mama ni shangazi yake, mimi ni nani nimnyime jibu. Nikasema ndiyo. Akainamisha kichwa. Ningependelea acheke.

Sasa hila. Dua ni kesho. Beti za mwanzo nazikumbuka kidogo. Za katikati nimezitunga. Nimeomba mashine ya Guled, kwa kisingizio cha barua ya mteja, na nimechapa kurasa mbili nzuri, weusi wa wino unang'aa. Vituo nimevichukua kwenye ramani ya shule. Ngamia nimewapa majina ya ngamia. Kwa Hamze jina la mahali limenitoka, nimeandika chini ya mti, karibu na kisima. Mti na kisima viko kila mahali, nani atapinga?

Idman alizipokea karatasi kwa mikono miwili. Akazikunja bila kusoma. Alisema anataka kuzisoma mara ya kwanza mbele ya watu, kwa sauti.

Ijumaa, 7 Julai

Wanawake walijaa uani kwa Adeer. Sisi wanaume tulikuwa upande wa pili wa turubai, na kila kitu kilisikika. Sheikh alimaliza dua, wali ukasubiri. Idman akaanza.

Ubeti wa kwanza, vizuri. Wa pili, vizuri. Wanawake wakaanza kupiga makofi yale ya taratibu. Wa tatu ulikuwa wangu. Akausoma nusu. Nikasikia karatasi ikikunjwa. Makofi yakakatika, Adeer akaniangalia, mimi nikaangalia viatu.

Kisha akaendelea, bila karatasi. Kutoka kichwani! Yale aliyoyasikia utotoni juu ya mgongo wa ngamia, na yale aliyoyasoma Jumatatu kwenye kioo changu. Aliruka, akarudi nyuma, akajisahihisha. Sauti ilikuwa ya mama. Nilisahau kuwa nina hofu. Alisema habari za ngamia jike mweusi aliyekufa amesimama. Alisema maji yaliyonuka, wakayanywa. Akafika pale wanapomfunga Hamze kwenye kitambaa cha mama. Wanachimba. Na mahali ni...

Jina halikumjia. Alianza tena ubeti kutoka juu. Akafika palepale. Akaanza tena. Mwanamke mmoja akamwambia, kama mama kwa mwanawe, inatosha, hooyo, inatosha. Akaanza tena. Kisha nikasikia dada yangu analia, naye hajalia mbele za watu tangu nimjue.

Jioni alinirudishia karatasi. Hakufoka. Alisema tu kwamba mama asingetaja mti. Ule mwaka hapakuwa na mti uliobaki na kivuli, ndiyo maana alimfunika mtoto kwa mwili wake walipokuwa wakichimba. Akauliza kama nilidhani hatajua. Nikasema nilitaka asiumie. Akasema walaal, ndugu yangu, umenizikia kaka yangu mara ya pili, na safari hii mahali ni pa uongo.

Sina la kuandika zaidi. Nimelia. Adeer alinikuta nikasema ni moshi.

Jumatatu, 10 Julai

Idman amekubali kukaa siku chache kabla ya kurudi Hulugho. Hanisemeshi sana. Lakini asubuhi alikuja dukani na daftari na kalamu, akakaa kando yangu, pale pale alipokaa mama. Anataka kuandika alichobakiwa nacho kabla nacho hakijaondoka. Amesema atakwenda upande wa Banissa hata bila jina la mahali. Atawauliza wazee kwenye visima. Pengine mtu anakumbuka familia iliyopita na mtoto mgonjwa. Miaka yote hiyo! Sikumwambia ninavyofikiri.

Saynab naye alipita. Amesikia. Aliomba radhi mpaka nikaona haya, kisha akanipa zawadi. Ofisi yao imepata mfumo mpya kutoka kwa walewale watengenezaji, na ndani mna programu ya kuua virusi, mpya kabisa, bure! Si ile ya zamani. Hapo ndipo palipokuwa na kasoro, uzee tu, Guled mwenyewe alikiri. Nimemwambia Saynab kwamba wenye mfumo hawawezi kukosea mara mbili. Guled alikuwa mlangoni kwake, akasema kitu kuhusu dalali. Sikusikiliza.

Saynab ameninakilia programu hiyo kwenye disketi moja kati ya zile za mwezi jana. Nilipoigeuza niliona duara na mistari miwili. Sikupoteza muda, nikaiingiza moja kwa moja.

Kompyuta, niliyoipakia mfumo upya, imewaka vizuri. Imesema hakuna virusi. Idman ameshafika kwenye jike mweusi, anasema polepole macho yakiwa yamefumbwa, nami napiga chapa. Akinyamaza namsubiri. Utepe wa printa bado naubania, ripoti za Saynab ni nyingi. Daftari la Idman nimelifunga na kulirudisha mkobani mwake, na kalamu pia. Nimemwambia asijichoshe kuandika, humu ndani maneno ya mama hayapotei.