Shukrani ya Bubu

Kitu cha kwanza alichokiona bubu kilikuwa kikombe. Yeye na kaka yake walikuwa hawajamaliza kupangusa miguu mlangoni mwa ukumbi, hawajaulizwa wao ni nani wala wametokea wapi, na tayari mtu amemimina chai kwenye kikombe kingine na kukisukuma upande wao wa meza.

Kaka yake hakukiona kikombe. Kaka yake aliona vyerehani.

Vilikuwa vimepangwa chini ya dirisha la ukumbi, vya miguu, vyeusi, vinang'aa kwa mafuta kama nywele za bwana harusi. Macho ya kaka yakatua hapo kama nzi kwenye kidonda, yakakataa kubanduka. Watu walimwita Asali kwa sababu ya ulimi wake. Waliokwisha kukutana na nyuki wake walimwita majina mengine, ambayo hayaandikiki.

"Shikamoo, mama," alimwambia mwanamke mwenye aproni ya kijani aliyesimama karibu na birika. "Tumesikia hapa kuna klabu ya watu wanaojitolea, nasi tumekuja kujitolea. Huyu mdogo wangu ni bubu, maskini ya Mungu, lakini mikono yake inasema."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Hapa hatutazami ulimi, tunatazama ufagio," mama akajibu, akampa Asali ufagio.

Wote walimwita Mama Mkunga, kwa kuwa nusu ya mtaa ule ilipitia mikononi mwake kabla hajastaafu. Asali akafagia ukumbi kwa unyenyekevu mkubwa. Vumbi lenyewe lilishangaa.

Sasa, bubu hakuwa bubu. Ilikuwa kazi tu. Anayemwonea huruma bubu hamkagui kaka yake, na kwa njia hiyo ndugu hawa wawili walikuwa wamepita miji mingi: kaka akisema, dada akinyamaza, kisha pikapu yao inawashwa na kila walichokipata kimefunikwa turubai nyuma. Na kwa kweli kazi haikumtaabisha. Alikuwa na haya tangu utotoni. Shuleni, kabla hajaacha, mwalimu akimtazama tu, jibu lilikuwa linarudi tumboni.

Ila katika klabu hii likatokea jambo ambalo Asali hakulipigia hesabu. Bubu alipapenda.

Kila Jumamosi walivaa aproni za kijani wakazibua mitaro ya zahanati, wakapigilia madawati ya shule yaliyolegea miguu, kisha wakarudi ukumbini kuwafundisha wasichana kushona. Bubu alikaa na wasichana. Akiona mshono umekwenda kombo, aliweka kidole juu ya kitambaa, na msichana akafumua mwenyewe bila kuaibishwa. Wanawake nao wakampenda kupita kiasi. Muuza mikate, mwanamke mwenye cheko la kutikisa madirisha, alimwagia siri zake zote.

"Wewe ndiye rafiki wa kweli," alimwambia. "Nikikueleza wewe, halifiki sokoni. Sasa sikia alichofanya shemeji yangu."

Bubu alicheka kwa mabega.

Na kulikuwa na duara. Kazi ikiisha, viti vilipangwa mviringo, na kila mtu alimshukuru mwenzake mmoja kwa jambo aliloliona kwa macho yake siku ile. Mshukuriwa hakuruhusiwa kubisha wala kujishusha. Alisema neno moja tu: "Nimepokea." Sheria hiyo iliwekwa zamani, baada ya watu kukaa wakibishana "aa, mimi si kitu", "hapana, wewe ndiye kitu", mpaka chai ikapoa. Zamu ya bubu ikifika, alimnyooshea mtu kidole, akaweka kiganja kifuani, na watu wakasubiri kwa heshima kana kwamba ametoa hotuba.

Asali naye hakulala. Alikwisha kumtambua wa kumwingiza mkenge: mwenye duka la dawa, aliyependa kuitwa Daktari na kupigwa picha akiwa ameshika kitu.

"Daktari," alimwambia mbele ya wanachama, "wewe ni mtu wa sayansi. Wasichana wetu watakanyaga vyuma mpaka lini? Ninaye rafiki, fundi, mji wa jirani. Anafunga mota kwenye vyerehani. Kwa upendo tu, hataki kitu. Nivipeleke kwa pikapu yangu, wiki moja, virudi vinaimba."

"Mota!" Daktari alisema, kama aliyeivumbua yeye.

"Na kila kimoja kipakwe jina lako kwa rangi ya dhahabu. Wasichana wajue nani alikuwa na wazo."

Kilemba cha ukoka kikamkaa Daktari barabara. Hata shingo ilirefuka.

"Na hiyo wiki wasichana watashonea nini?" Mama Mkunga aliuliza. "Wanakaribia kumaliza sare za watoto wa shule."

"Mvumilivu hula mbivu, mama," Asali akajibu.

Mikono ikanyooshwa. Wengi wape.

Ijumaa jioni, katika chumba walichopanga, Asali alikuwa akikunja turubai huku akipiga mluzi.

"Kesho baada ya duara," alisema. "Ukishamnyooshea mtu kidole chako, panda gari. Huku haturudi."

"Tena?" Bubu aliuliza. Chumbani alikuwa na sauti, ndogo.

"Tena nini? Unataka tuote mizizi? Mjini hapa kuna wajanja na wajinga, mdogo wangu. Kundi la katikati halipo."

Alikuwa na la kujibu. Lilifika kooni, likapiga hodi, likarudi.

Kesho yake vyerehani vilipakiwa. Wanachama wenyewe walivibeba, wakamwomba Asali asijichoshe. Wasichana walisimama kando, mikono imekosa pa kukaa. Asali alimpa bubu ufunguo wa pikapu amtunzie, kama kawaida yake, maana nani atamdai bubu ufunguo?

Duara likaanza. Muuza mikate alimshukuru Mama Mkunga kwa kuingia mtaroni hadi magotini. "Nimepokea." Daktari karibu ajishukuru mwenyewe, akajizuia dakika ya mwisho. Asali alimshukuru Daktari kwa maono yake. "Nimepokea sana," Daktari alisema, akipitiliza sheria kwa neno moja.

Zamu ya bubu ikafika. Akanyoosha kidole kwa kaka yake. Asali akatabasamu, akaanza kuinuka.

Bubu hakuweka kiganja kifuani. Alisimama. Masikio yakamwaka moto.

"Namshukuru kaka yangu," alisema.

Kikombe kilianguka mahali fulani. Hakuna aliyekitazama.

"Nimemwona leo akiwatazama wasichana. Ameshindwa kuvitoa vyerehani mikononi mwao. Kwa hiyo havitakwenda kokote. Fundi atakuja hapa hapa. Na hiyo pikapu," akameza mate, "ameitoa iwe ya klabu. Ya kubebea wagonjwa na madawati."

Akaenda kuuweka ufunguo mkononi mwa Mama Mkunga.

"Lakini..." Asali alianza.

"Aa-aa!" duara zima likapaza sauti. "Mshukuriwa habishi!"

Ulimi uliowahi kumuuzia mtu kivuli cha ukuta wake mwenyewe ulijaribu kushoto, ukajaribu kulia, ukakuta njia zote zimezibwa na nyuso zinazompenda.

"Ni... nimepokea," alisema.

Makofi yakalipuka. Daktari akaruka juu ya kiti.

"Dawa yangu! Nilimpa ya kikohozi Jumamosi iliyopita! Imetibu ububu! Nani ana kamera?"

"Ngoja kwanza," muuza mikate alisema, rangi ikimtoka. "Bubu, yale yote niliyokwambia kuhusu shemeji, uliyasikia?"

"Hata bubu anasikia, dada."

"Yallah!" Akafunika uso kwa aproni, na madirisha yakatikisika.

Mama Mkunga hakucheka bado. "Mwanangu, ni dawa kweli?"

"Si dawa, mama. Sikuwa bubu. Naona haya watu wakinitazama, na kunyamaza kulikuwa rahisi."

Mama alimtazama yeye, akamtazama Asali, akarudi kwa ule ufunguo.

"Na wewe, kaka mtu, huoni haya?"

"Kidogo, mama."

"Itaongezeka. Kashushe vyerehani."

Akavishusha kimoja kimoja, peke yake, kwani safari hii hakuna aliyemwomba asijichoshe. Cha mwisho kilipofika chini ya dirisha na msichana akakikalia hata kabla hakijatulia, Asali alimvuta dada yake hadi getini.

"Umeniua."

"Wamekupigia makofi, kaka."

"Makofi yanaendeshwa? Yana usukani?" Alikuwa anahema, lakini kona moja ya mdomo ilimcheza, maana mjanja akiliwa na mjanja mwenzake hukosa namna ya kutomsifu. "Haya. Ulikuwa mchezo mzuri, mzuri mno. Kituo cha basi hakiko mbali. Beba shali yako twende, kabla huyo mama hajafikiri vizuri."

Kutoka ukumbini walimsikia muuza mikate akiita kwamba chai inapoa. Dada alisimama katikati ya geti. Katika kila mji, kila pikapu ilipowashwa, lilikuwepo neno aliloliinamia na kulifunika pamoja na vitu vingine chini ya turubai.

"Nenda salama, kaka," alisema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa ndani waliisikia. "Mimi nimeshafika."