Viporo vya Mutayoba

Jumamosi, 16 Novemba

Evelina kaja leo hapa Buswelu. Kakaa kwenye stuli yangu, ile ya miguu mitatu. (Wa nne nitauweka.) Kaangalia ukuta niliopaka rangi mpaka usawa wa dirisha. Kaangalia gitaa lenye nyuzi mbili. Kaangalia kitabu changu cha kujifunza Kifaransa, bado kimekunjwa palepale mwanzoni. Mwisho kaniangalia mimi. Akasema taratibu kabisa kwamba hajawahi kuniona nimemaliza kitu chochote zaidi ya chakula. Angekasirika ningemjibu. Hakukasirika. Hapo ndipo nilipoogopa.

Habari yenyewe ni hii. Baba yake, Mzee Chenge, ananisubiri kwao Kamanga, ng'ambo ya ziwa, Jumapili ya tarehe 24 nikajitambulishe. Ni mara ya tatu! Mara ya kwanza niliugua homa. Homa ya kweli, ilinianza nilipokiona kivuko. Mara ya pili ilikuwa mvua. Evelina anasema mvua ile ilinyesha chumbani kwangu peke yake. Mara zote mbili mzee alivaa koti lake la kanisani, akashuka mpaka gatini kunipokea, akarudi nyumbani na koti lake. Hakutakuwa na tarehe ya nne, kasema Evelina. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi nimevua, nimesimama ufukweni natetemeka, na watu wananiona.

Nampenda yule mwanamke, jamani. Nikimkosa sijui nitakuwa mtu wa namna gani.

Nimewaza mpaka jioni. Tatizo si Mzee Chenge. Tatizo ni tabia ya kutomaliza, basi tabia itibiwe kwanza. Kwenye kimashine changu cha gemu, hiki cha kushika mkononi, zimelala gemu kumi na moja. Zote nilizianza kwa shangwe, sijamaliza hata moja. Viporo vitupu! Nitavimaliza vyote kabla ya Jumapili, nivuke ziwa nikiwa mtu anayemaliza. Mpango safi. Ukuta utasubiri.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya Misa, gemu ya mkulima. Unarithi shamba lililojaa magugu, unalima, unapanda, unafuga. Kuna kitu kimenigusa. Mvua ikinyesha, ng'ombe anakuja kusimama mlangoni kwako. Haombi kitu, anasimama tu. Nimemtazama kwa muda mrefu. Kibanja cha bibi kule Kamachumu kina migomba ya kweli, na sijakikanyaga tangu mazishi ya mama. Hapa nimemwagilia nyanya za uongo mpaka vidole vikafa ganzi. Nikafika siku moja kabla ya sikukuu ya mavuno, ndipo gemu inapoishia. Nikazima. Nilisikia usingizi. (Saa kumi alasiri.)

Tuna kundi letu la WhatsApp la wacheza gemu. Sheria ni moja: hutoi maoni ya gemu ambayo hujaona mwisho wake. Nikatuma sauti ndefu, nikamsifia ng'ombe kwa moyo wote. Precious akauliza mwisho nimeuonaje. Huyu Precious ni mwalimu, anafundisha na Evelina na wamepanga nyumba moja kule Butimba, na amemaliza kila gemu iliyowahi kutengenezwa. Sijui anasahihisha madaftari saa ngapi! Nikajibu mwisho ni mzuri sana. Akauliza upi, maana iko miwili. Nikasema betri inaisha.

Jumatatu, 18 Novemba

Steshenari ninakofanya kazi haina wateja. Mkabala wetu kuna banda la Ngosha, fundi simu, rafiki yangu tangu nihamie huku. Ana vidole vyepesi yule, sijapata kuona. Wazo likanijia: kumaliza ni kumaliza, vidole viwe vya nani haidhuru. Nikampa kimashine anisaidie zile gemu za mapigano, mimi nitazame begani kwake.

Hadi jioni kamaliza nne! Ila hasomi kitu. Kila anayefungua mdomo kwenye gemu, Ngosha anambonyeza anyamaze. Nikamuuliza hii ya yule askari wa farasi inahusu nini. Akasema inahusu kupiga.

Nimejisikia ajabu. Ni kama kumtuma mwenzako harusini akakulie pilau. Habari unaipata, njaa iko palepale. Hata hivyo maoni nimeyatuma kundini, gemu zote nne. Nilisema nimetafakari sana.

Jumatano, 20 Novemba

Balaa! Precious kauliza mbele ya kundi zima: je, maneno aliyosema mfalme akiwa anakata roho, kwenye ile ya askari wa farasi, yalinigusa? Nikajibu bila kusita kwamba nilitokwa na machozi, hasa pale alipomwambia binti yake amtunze farasi. Kumbe mfalme ni bubu! Bubu tangu mwanzo. Ndiyo hadithi yote, kwamba hakuna aliyewahi kumsikia. Watu wamecheka mpaka sasa. Jina langu jipya ni Bwana Kiporo.

Na Ngosha, nilipomlalamikia, akasema yeye alidhani mfalme amenyamaza kwa sababu amembonyeza.

Mdomo wa Precious haukuishia hapo, umefika kwa Evelina. Jioni kaniletea ujumbe mmoja tu: na Jumapili utamtuma nani?

Umenichoma. Nimezunguka chumba, nimekaa, stuli ikaniangusha. Halafu, nikiwa bado sakafuni, nikauona utamu wake. Lo! Ndiyo, nimtume nani? Kwetu na kwao, nani anakwenda ukweni bila mshenga? Ngosha ni Msukuma, salamu za wazee anazijua, na mtu huyu akishika kitu anakimaliza. Atangulie, amlainishe mzee, mimi nifuate nyuma yake kukiwa kumepoa.

Ngosha kacheka. Kasema sisi Wahaya, nshomile, tumesoma mpaka tunahitaji mtu wa kutusaidia kusema shikamoo. Ila kakubali. Kauliza tu kama kutakuwa na chakula.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Umeme hakuna. Nimekiweka kimashine kando nikabaki na mimi mwenyewe, kitu nisichokipenda.

Si kwamba gemu zile ni ngumu. Nikishafika mlango wa mwisho, mkono unakataa. Nimejiuliza kwa nini, na nikamkumbuka mama. Alikuwa akitusimulia hadithi jikoni, moshi wa kuni umetujaa machoni, na hakumaliza hata moja. Ndizi zikiiva anakatisha, anasema iliyobaki ni ya kesho. Kesho anaendelea kidogo, anakatisha tena. Alifariki katikati ya hadithi ya msichana aliyemfuata ndege wa mvua mpaka chini ya ziwa. Sijui kama alirudi. Shangazi Paskazia anaujua mwisho wake. Amewahi kutaka kunisimulia, nikasingizia simu nikatoka nje. Naona nikiusikia, basi, mama hana tena sababu ya kurudi kesho.

Nimeandika hayo nikajicheka. Mtu mzima na nywele zimeanza kuwa nyeupe! Lakini ndivyo ilivyo. Hata kwa Mzee Chenge ni hivyohivyo. Akisema ndiyo au akisema hapana, mlango umefungwa. Leo bado mimi na Evelina tuko pale katikati, ndizi hazijaiva, hadithi inaendelea.

Hili ningemwambia Evelina angenielewa. Nitamwambia Jumapili. Hapana, baada ya harusi.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimepunguza mpango. Kumi na moja ulikuwa ulafi. Mtu akimaliza kiporo kimoja kwa vidole vyake mwenyewe, si amemaliza?

Nimechagua gemu ya mtumbwi. Hakuna kupigana. Kijana aliyeondoka kwao zamani anapiga kasia kuvuka maji mapana arudi nyumbani. Ng'ambo kuna baba yake, mzee asiyesema neno, kila jioni anashuka gatini na taa, anaiwasha, anakaa kwenye kiti. Basi. Njiani kuna visiwa, na kila kisiwa kina jambo tamu la kufanya. Mimi nimekaa visiwani mwaka mzima naokota makombe. Kila nikirudi majini naiona ile taa kwa mbali. Sauti ya kasia ni nzuri mno, unaweza kusinzia. Anayesema gemu ni mambo ya watoto aje aisikie.

Shangazi Paskazia kaleta senene kutoka Bukoba, wale panzi wetu, wamekaangwa vizuri, kopo zima. Hiyo ndiyo zawadi ya mzee. Evelina kashavuka, yuko kwao. Kesho Ngosha anapanda kivuko cha asubuhi na senene, anaamkia mwangaluka kwa Kisukuma chake, anasema mimi naja. Mimi napanda cha mchana. Nimemkuta Ngosha amekwisha kula senene wa juujuu. Anasema alikuwa anahakikisha.

Jumapili, 24 Novemba

Nimemaliza. Niliandike hili kwanza, maana ni kweli. Nimemaliza gemu, mimi, kwa mikono yangu.

Nilivaa suruali ya kupiga pasi. Nikapanda kivuko, nikakaa juu, dirishani, jirani yangu kijana na mfuko wa saruji. Simu nikaizima sauti ili nisipoteze ujasiri. Homa ilianza kunyemelea, basi nikafungua kimashine kidogo tu, nitulize moyo.

Safari hii sikushuka kisiwani. Nilipiga kasia moja kwa moja. Mawimbi, giza, taa inakuwa kubwa. Kuna mtu alikuwa anaita kwa mbali, anaita jina, nikadhani ni kwenye gemu. Niliinua kidole: subiri kidogo! Kijana akafika gatini. Taa inawaka. Kiti kitupu. Juu ya kiti, koti la mzee. Basi, imeishia hapo.

Nililia, tena kwa sauti. Mama mwenye kuku aliyekaa pembeni yangu akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa, nimemaliza. Sikujiuliza kijana wa saruji kageukaje kuwa mama mwenye kuku.

Nikainua macho, naona Jiwe la Bismarck. Nikajisemea, kumbe na Kamanga wanalo jiwe kama letu la Mwanza! Nikashuka kifua mbele. Nikamuuliza mtu wa getini kwa Mzee Chenge ni njia ipi. Akanionesha ziwa.

Mungu wangu. Kivuko kilifika Kamanga, kikashusha, kikapakia, kikanirudisha Mwanza nimekaa palepale.

Nilivuka tena na kilichofuata. Njia nzima nilisimama. Gatini Kamanga nilimkuta Ngosha peke yake, kakalia kopo tupu la senene. Hakunitania, na Ngosha asiponitania ujue pana msiba. Akanieleza yote. Mzee alisimama juani na koti lake. Mambo yalikuwa yamekwenda vizuri, senene aliwapenda, alikuwa amecheka. Kivuko kilipotia nanga Evelina akaniona pale juu dirishani. Akaita. Akavua kitenge akapunga. Mimi nikainua kidole bila kugeuka. Mzee akauliza, ndiye huyo? Evelina akasema, ndiye. Wakasubiri watu wote washuke. Honi ikalia, kivuko kikaondoka, na mimi juu yake.

Mzee akasema: kumbe alikuwa anapita tu. Akavua koti, akalikunja mkononi, akapanda kwenda nyumbani. Evelina akamfuata. Kabla ya kuondoka alimwambia Ngosha nisifike kwao.

Jumatatu, 25 Novemba

Precious kaja steshenari. Kaniletea ufunguo wa chumba changu, ule aliokuwa nao Evelina, na karatasi ndogo: hakuna tarehe ya nne. Mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Precious hakuniita Bwana Kiporo. Kaniita kaka Mutayoba, kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza. Ningependa anitukane.

Nimempigia Evelina. Hapokei. Nimekaa kwenye stuli kwa uangalifu nikiutazama ufunguo. Kuna kitu kinanisumbua kuhusu gemu ile, kiko karibu kabisa, kama jina lililo mdomoni. Lile koti. Kile kiti. Kila nikitaka kukishika, kinateleza.

Chumba kimya. Mvua inanyesha, hakuna anayesimama mlangoni.

Jumanne, 26 Novemba

Nimelala vizuri, akili imefunguka. Asubuhi nimetuma maoni yangu kundini, ya haki kabisa, ya mtu aliyeona mwisho. Nimesema kutoka moyoni kwamba sijawahi kuona ukatili kama wa yule kijana wa mtumbwi. Mzee wa watu anashuka gatini siku zote, anasubiri, na mtu mzima yuko visiwani anaokota makombe! Nikauliza: ni binadamu gani anaweza kumfanyia mzee hivyo? Precious katoka kundini. Kashindwa kuvumilia, nimemaliza gemu na nimeieleza kuliko yeye.

Nimeisoma tena karatasi ya Evelina. Hakuna tarehe ya nne, sawa. Ya tano hajaitaja. Mwalimu wa hesabu hasahau kitu kwa bahati mbaya.

Tena nimeshapata njia. Mzee Chenge hana kinyongo na mimi, ila hajanielewa. Angeicheza gemu hii mwenyewe, akamwona yule mzee na taa yake, akajua kusubiri ni kitu gani, moyo wake ungelainika palepale. Nitamfungia kimashine kwenye kitambaa safi, na senene wengine juu yake. Kifike Jumamosi.

Nimeshamwambia Ngosha avuke na kivuko cha asubuhi.